Potwe Nje ya Mpaka: Hoja Kuhusu Uhifadhi Kisiwani Mafia

Uhifadhi wa wanyamapori Afrika umezoea kuanzia kwenye ramani: mpaka huchorwa, wenyeji huondolewa, askari huwekwa. Wamasai walitolewa Serengeti mwaka 1959. Wamakuleke waliondolewa kaskazini mwa Kruger, Afrika Kusini, mwaka 1969.

Mafia ilishika njia nyingine. Hifadhi ya bahari ya kisiwa hicho, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 kwa Sheria Na. 29 ya mwaka 1994, na watu wa Chole, Juani, Jibondo na Utende wakabaki ndani yake. Kilomita zake za mraba 822 ziligawanywa kanda: kwingine uvuvi ni marufuku kabisa, kwingine mkazi huvua kwa zana zilizoruhusiwa. Ni hatua kubwa. Lakini hata mpango huu bado unaamini mstari wa ramani, na papa potwe anatuonyesha udhaifu wa imani hiyo.

Kati ya Oktoba na Machi wageni hufika Mafia kumwona potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Hawamkuti Ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi, bali magharibi, mbele ya Kilindoni, nje ya mpaka. Wala yeye si mpita njia. Vifaa vya kutoa mawimbi ya sauti alivyofungwa na watafiti vimeonyesha kwamba potwe wengi hukaa maji ya Mafia mwaka mzima; msimu ukiisha husogea mbali na ufuko na kuzama zaidi, wasionekane.

Kinachomleta Kilindoni ni uduvi na viumbe wengine wadogo, na maji hayo hayo ndiyo ya wavuvi wa dagaa. Basi hutokea potwe akazungukwa na nyavu. Mvuvi mzoefu huikandamiza kamba ya maboya chini ya maji mpaka mnyama apite juu yake. Dagaa nao hutoka. Hasara hiyo ni ya mvuvi, ilhali potwe aliyenusurika ataingiza fedha kwenye boti za watalii.

Wapo watakaosema mpaka usogezwe hadi Kilindoni. Sikubaliani nao. Kumfukuza mvuvi ni kumwondoa mtu pekee aliye karibu na mnyama usiku wa giza, wakati wa kuvua dagaa kwa taa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekwisha kuvitambua vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali, yaani BMU. Sehemu ya ada ya kumtazama potwe ipelekwe huko moja kwa moja, na mvuvi aliyefungulia nyavu afidiwe samaki aliowapoteza, kwa kiwango kilichopangwa na wavuvi wenyewe kabla msimu haujaanza.