Elimu ya Juu ya Lishe na Chungu cha Uji Usukumani

Mtu asomaye historia ya elimu ya lishe nchini mwetu aweza kudhani kuwa elimu hiyo ilizaliwa chuoni, kisha ikateremka kijijini. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kuwa sehemu yake iliyo bora ilipanda kutoka kijijini, na kwamba nchi kama Bariadi inayo haki ya kuidai.

Bariadi, iliyokuwa katika mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012 na ambayo sasa ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, ni nchi ya Wasukuma, wakulima wa pamba, mtama na viazi vitamu, na wafugaji wa ng'ombe. Viazi hukatwa na kuanikwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza vikawa matobolwa, ili nyumba isilale njaa wakati wa kiangazi. Hata hivyo, mtoto aweza kudhoofika karibu na ghala lililojaa. Uji wa nafaka huvimba ukapikwa, na mama hulazimika kuongeza maji mengi ili mtoto aweze kuumeza. Tumbo lake dogo hujaa kabla hajapata nguvu zimtoshazo. Msimu wa kuchuma pamba, mama ashindapo shambani na mtoto akalishwa mara chache, upungufu huo huzidi.

Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Siku hizo, aliyetaka shahada ya juu katika fani hii aghalabu alivuka bahari kuitafuta. Mwaka 1983 watafiti A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha uchunguzi wao juu ya unga wa nafaka iliyooteshwa, yaani kimea. Kijiko kidogo cha unga huo, kikitiwa katika uji mzito, huulainisha kwa dakika chache pasipo kuongeza maji, kwa sababu vimeng'enya vya kimea huivunja wanga. Basi mtoto hupata chakula kingi zaidi katika bakuli lile lile.

Ni nani aliyekijua kimea kwanza? Ni wanawake wapishi wa pombe, ambao tangu zamani waliotesha nafaka, wakaianika na kuisaga. Lakini haifai kuwasifu wao tu na kuidharau maabara. Machipukizi ya mtama hubeba sumu ya sianidi. Hayana budi kuondolewa, na uji kuchemshwa vema. Mama alikuwa na ustadi. Mtaalamu alileta sababu na tahadhari. Kila mmoja peke yake alikuwa na nusu ya elimu.

Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa Morogoro, na baadaye lishe ya binadamu ikafundishwa huko hadi shahada za juu. Mwaka 2011 serikali iliahidi kuweka wasimamizi wa lishe katika wilaya. Matunda yameonekana: watoto wadogo waliodumaa nchini walikuwa asilimia 42 mwaka 2010, na asilimia 30 mwaka 2022. Lakini asilimia 30 maana yake ni watoto watatu katika kila kumi, na kudumaa kwa miaka ya kwanza ni vigumu mno kurekebishwa baadaye.

Kwa hiyo twauliza: mwenye shahada apangiwapo Bariadi, aanzie wapi? Twaona yampasa aanzie jikoni, aulize uji wapikwaje, nani amlisha mtoto mama awapo shambani, na mara ngapi kwa siku. Nasi tunaotumwa kuishi vijijini, ambao twafahamu milango ya nyumba hizo kabla mgeni hajabisha hodi, hatuna budi kumfikisha hapo. Elimu isiyofika kwenye chungu haijamaliza safari yake.