WAKILI, DENI NA NYUMBA YAKO: JE, KUJITETEA NI KUKIMBIA DENI?



Ndugu yangu katika imani, swali hili limenifikia zaidi ya mara moja kutoka kwa ndugu zetu walioko Marekani: "Sheikh, benki inataka kuchukua nyumba yangu. Deni ni kweli nadaiwa. Nikiweka wakili, si nitakuwa nadhulumu?"

Suala la riba lina darsa lake. Leo namsemesha aliyekwisha kuingia, na barua iko mezani. Kaa nami tusome historia.

Katika kijiji kimoja cha jimbo la Maine, mama mmoja alinunua nyumba kwa dola 75,000. Kila mwezi alipe dola 474. Akapoteza kazi, malipo yakakwama, kesi ikafunguliwa ili nyumba iuzwe. Wangapi walinyamaza kwa aibu, wakafungasha, wakaondoka! Yeye alikwenda kwenye taasisi ya msaada wa sheria, Pine Tree Legal Assistance. Huko akapokewa na wakili mstaafu aliyejitolea bila malipo, Thomas Cox. Na tazama mipango ya Allah: huyu Cox zamani alikuwa wakili wa benki, akiwaandama wenye madeni!

Cox hakusema kwamba mama yule hadaiwi. Aliuliza jambo moja tu: nani ameapa kuwa hesabu hii ni sahihi, na anaijua vipi? Juni 2010 akamhoji kwa kiapo mfanyakazi wa GMAC, kampuni iliyosimamia mkopo, ambaye ndiye aliyetia saini hati ya kiapo. Mtu yule akakiri kwamba husaini maelfu ya hati kila mwezi, hazihakiki, wala hasaini mbele ya ofisa wa viapo. Na hati zenyewe zinasema amefanya yote hayo!

Septemba 2010 hakimu akaifuta hukumu iliyokuwa imetolewa dhidi ya mama yule. Mwezi huohuo GMAC ikasimamisha kuwatoa watu majumbani katika majimbo 23. Mabenki mengine makubwa yakafuata. Februari 2012, mabenki matano yakakubaliana na serikali ya Marekani na majimbo 49 kutoa takriban dola bilioni 25. Chanzo ni nini? Nyumba moja ya kijijini, na mtu mmoja aliyesoma karatasi kwa makini.

Sasa turudi kwetu. Imepokewa katika vitabu vya fiq'hi kwamba Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa akimweka nduguye Aqil kuwa wakili wake katika mashauri, na Aqil alipozeeka akamweka Abdullah bin Ja'far. Ali, pamoja na elimu yake yote! Basi wewe uliyesoma barua ya Kizungu mara tatu bila kuielewa, unaona haya gani?

Na kanuni yetu unaijua: mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Kumtaka mdai athibitishe si kukana deni. Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inaelekeza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Wakili mwema ndiye anayekuombea muda huo.

Lakini chunga mpaka. Mtume (s.a.w.) alituonya kwamba mtu anaweza kumshinda mwenzake kwa ufasaha wa hoja, akahukumiwa haki isiyo yake, na hicho alichopewa ni kipande cha moto. Kwa hiyo usimwambie wakili uongo. Usifiche kipato. Ukipata uwezo, lipa.

Fanya haya:

1. Fungua barua leo. Tarehe ya kujibu ikipita, hata wakili hodari mikono yake inafungwa.
2. Kusanya mkataba, risiti na barua zote.
3. Tafuta mapema wakili wa kesi za nyumba. Huna fedha? Uliza msaada wa sheria wa bure, kama alivyofanya mama yule.
4. Mkimbie anayedai fedha kwanza na kukuahidi kwamba nyumba haitauzwa. Hakuna mja mwenye dhamana hiyo.
5. Mwambie mkeo, au mwambie mumeo. Wasijue siku ya kutolewa vitu nje.

Allah awalipie madeni yao wenye madeni, na azistiri nyumba zetu. Aamiin.

Mfikishie ndugu yako aliyenyamaza na barua yake. Wallaahu a'lam.