Almasi Ghafi na Almasi za Damu: Historia Fupi ya Istilahi Mbili

Neno likiwa sokoni laweza kulegea bila ya kumdhuru mtu. Likiingia katika sheria, ulegevu wake huamua mali ipi ipite forodhani na ipi izuiwe. Ukweli huu unadhihirika katika istilahi za biashara ya almasi.

Katika miaka ya 1990 majeshi ya waasi katika Angola na Sierra Leone yalinunua silaha kwa fedha za almasi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku ununuzi wa almasi za Angola zisizo na cheti cha serikali mwaka 1998, na likafanya vivyo hivyo kwa Sierra Leone mwaka 2000. Mwezi Mei mwaka huo nchi za kusini mwa Afrika zinazochimba almasi zilikutana Kimberley, Afrika ya Kusini. Mazungumzo hayo yalizaa Mpango wa Kimberley, ulioanza kutumika mwaka 2003. Tanzania, yenye mgodi wa Mwadui tangu 1940, nayo imo.

Masharti yake ni haya: kila shehena ya almasi ghafi isafirishwe katika chombo kilichofungwa kwa lakiri, pamoja na cheti kisichoghushika kwa urahisi, nchi mwanachama isipokee wala isipeleke almasi hizo kwa nchi isiyo mwanachama, na cheti cha asili kihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka mitatu.

Hapa ndipo istilahi ya kwanza inapotutatiza. Kwa mazoea ya lugha yetu, kama katika neno malighafi, kitu ghafi ni kile ambacho hakijafanyiwa kazi. Lakini Mpango huo unahesabu kuwa ghafi hata almasi iliyokatwa kwa msumeno, iliyopasuliwa, au iliyosuguliwa kupewa umbo la awali tu. Mfasiri asiyeeleza hivyo humfungulia mlango mfanyabiashara adaiye kuwa jiwe lililokatwa si ghafi tena.

Istilahi ya pili ni nzito zaidi. Magazeti yamezoea kusema "almasi za damu", na msomaji huelewa almasi yoyote iliyopatikana kwa kumwaga damu. Sheria haisemi hivyo. Inazitaja almasi ghafi zinazotumiwa na waasi au washirika wao kugharamia vita vya kuzipindua serikali halali. Tofauti hiyo ilionekana wazi huko Marange, Zimbabwe, ambako mwaka 2008 wachimbaji wadogo waliuawa na askari wa serikali yenyewe. Damu ilimwagika, lakini waasi hawakuwapo. Mwezi Novemba 2011 mkutano wa Kinshasa uliruhusu almasi za huko ziuzwe nje, na mwezi uliofuata shirika la Global Witness likajitoa katika Mpango.

Kwa hiyo yafaa tutenganishe. Katika matini ya sheria tuseme "almasi za kugharamia uasi", maana ndivyo sheria ilivyokusudia. "Almasi za damu" libaki kwa maana yake pana. Tukiyachanganya, mnunuzi ataonyeshwa cheti na kudhani kwamba kinathibitisha jambo ambalo hakikulitamka kamwe.