"-iasis" na "-itis": mikia miwili ya maneno kwenye cheti chako cha hospitali

Ukitoka kituo cha afya, mara nyingi jina la ugonjwa kwenye cheti huwa limeandikwa kwa Kiingereza, tena refu kiasi kwamba hata aliyesoma hulikwepa. Lakini, msikilizaji, mengi ya maneno hayo yana mkia mmoja. Ukiujua mkia, nusu ya neno umeshaielewa. Leo tunaangalia mikia miwili ambayo sisi wa Pemba hukutana nayo sana.

Mkia wa "-iasis"

Hutamkwa "ayasisi" na asili yake ni Kigiriki cha kale. Kwenye majina ya maradhi, mara nyingi huonesha kwamba kuna mdudu au mnyoo aliyeingia mwilini. Sehemu ya mbele ndiyo humtaja huyo mdudu.

- "Schistosomiasis" ni kichocho. Mnyoo wake hutoka kwa konokono wa mitoni na madimbwini, akapenya kwenye ngozi ya anayeoga, kufua au kuvuka maji hayo.
- "Filariasis" ni ugonjwa unaoleta matende na mabusha. Sehemu ya mbele imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya uzi, kwa kuwa mnyoo wake ni mwembamba kama uzi. Huenezwa na mbu.
- "Ascariasis" ni minyoo mikubwa ya duara ya tumboni.
- "Trichuriasis" ni minyoo mjeledi.

Yapo yanayotoka nje ya kanuni hii. "Elephantiasis", yaani matende, limepewa jina la tembo kwa jinsi mguu unavyovimba. "Psoriasis" ni ugonjwa wa ngozi usio na mdudu na hauambukizi.

Maradhi haya yana historia hapa kwetu. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000, inachunguza kichocho na minyoo. Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kugawa dawa za matende kwa jamii, mjini na shamba.

Mkia wa "-itis"

Hutamkwa "aitisi". Maana yake ni kwamba kiungo fulani kimevimba, kina joto na kinauma. Hapa sehemu ya mbele haitaji mdudu, inataja kiungo. "Hepatitis" ni ini, ndiyo homa ya ini. "Appendicitis" ni kidole tumbo. "Arthritis" ni viungo vya mwili kama magoti na vidole. "Cystitis" ni kibofu cha mkojo.

Kwa nini tutofautishe?

Chukua mtoto anayekojoa kwa maumivu, na mkojo una damu. Huenda akaandikiwa "cystitis" au "schistosomiasis". Kwa masikio yetu maneno haya yanakaribiana, lakini dawa zake ni mbalimbali. "Cystitis" mara nyingi huletwa na bakteria na hutibiwa kwa antibayotiki. Kichocho hutibiwa kwa praziquantel, na antibayotiki haiui mnyoo wake. Mtoto akipewa dawa isiyo yake, maumivu yanaweza kupoa kidogo huku kichocho kikibaki. Kikiachwa miaka mingi, huharibu kibofu, figo, na kwa wanawake hata via vya uzazi.

Kwa hiyo mkia wa neno ni wa kukusaidia kuuliza, si ruhusa ya kwenda kujinunulia dawa dukani. Ukikabidhiwa cheti, muulize daktari mambo matatu: neno hili kwa Kiswahili ni ugonjwa gani, umeingia kwa njia gani, na dawa hii inatibu nini hasa. Na kama mtoto huoga mtoni, mwambie daktari hata kama hakukuuliza, ili mkojo upimwe kichocho.