Nyayo za Nguruwe, Nyayo za Simba

Katika nchi za baridi, wasasi na mbwa wao huandama paka-mwitu kwa nyayo zake juu ya theluji. Sisi wa Ruaruke na Rufiji yote twasoma tope. Hapo kwato za nguruwe aliyekula mahindi usiku huonekana wazi. Mbwa hunusa, wasasi hufuata na mikuki yao mpaka kichakani.

Lakini nyuma ya nguruwe huja simba, maana ndiye nyama yake. Mkulima alalaye dunguni alinde shamba yu kati ya mwizi na amwindaye mwizi. Katika mwezi wa Aprili 2004 aliuawa Rufiji simba mmoja aliyesemwa kuua watu wapatao 35. Gego lake lilikuwa limepasuka, lina usaha, na wengi walilaumu jino hilo. Mwaka 2005 wataalamu waliochunguza vifo zaidi ya 563 vya Tanzania tangu 1990 walitoa sababu kubwa zaidi: nguruwe wengi, na watu kulala mashambani wakati wa mavuno.

Basi msasi wa nguruwe haokoi mahindi tu, aokoa na watu. Ila kabla ya kufungulia mbwa, na tuinamie tope: wayo mpana usio na alama za kucha ni wa simba. Hapo turudi, tukawaite askari wa wanyama.