Kobe Aliyetumwa na Watoto

Kambi za roboti zinazofunguliwa wakati wa likizo zina chimbuko la mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mjini Bristol, mtafiti wa ubongo William Grey Walter aliunda vyombo viwili vya magurudumu, Elmer na Elsie. Vilifuata mwanga, na vilipogonga kitu vilitafuta njia nyingine. Watu waliviita kobe. Lakini walikuwa kobe wa kutazamwa. Hakuna mtoto aliyewatuma popote.

Aliyewakabidhi watoto kobe huyo ni Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928. Alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, aliyeshikilia kwamba mtoto hujijengea maarifa mwenyewe, kisha akahamia chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na wenzao walitunga Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Muda si mrefu Logo ikawa inaendesha roboti ya sakafuni yenye kalamu, nayo ikaitwa kobe.

Hebu tumtazame mtoto anayetaka kuchora pembetatu ya pande sawa. Amefundishwa darasani kuwa kila pembe ina digrii 60, basi anaamuru: mbele hatua 100, geuka digrii 60, mara tatu. Kobe anachora umbo lililoachama. Mtoto anasimama, anatembea mwenyewe alikopita kobe, na miguu yake inamwonyesha kwamba penye kona mtu hugeuka kwa pembe ya nje: digrii 120. Hakuna aliyemkaripia wala kumwekea alama ya mkasi. Kwangu mimi, saa hiyo moja ina thamani kubwa kuliko vifaa vyote vilivyokuja baadaye, na kambi inayowapa watoto maelekezo ya kufuata neno kwa neno imewanyima jambo lenyewe.

Mwaka 1982, kwa ufadhili wa Ufaransa, Papert na wenzake walipeleka kompyuta kwa watoto wa Dakar. Mwaka 1992 taasisi ya FIRST, iliyoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen, ilikusanya timu 28 za sekondari huko New Hampshire zishindane kwa roboti, na vijana wakashangiliwa kama wanasoka. Mwaka 1998 kampuni ya Lego ikatoa seti ya Mindstorms, jina lililotoka kwenye kitabu cha Papert cha 1980. Bei yake, takribani dola 200, iliziacha nje shule nyingi za Afrika.

Ndipo mwaka 2012 Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi, Ghana, na Ken Goldberg wa California wakatangaza shindano la roboti ya dola 10. Mmoja wa washindi aliunda yake kwa dola 8.96, kutokana na kidhibiti cha michezo ya video, na kuisawazisha kwa pipi mbili za kijiti! Watoto wetu wanaounda magari ya waya na vifuniko vya chupa wangeielewa mara moja.

Ghana haikuishia hapo. Ashitey Trebi-Ollennu, mhandisi wa NASA aliyeshughulikia mkono wa chombo InSight kilichotua Mirihi mwaka 2018, alikuwa ameanzisha nyumbani mfuko wa kufundisha roboti tangu 2011. Mwaka 2019 wasichana wa sekondari ya Methodist, Mamfe, walisafiri hadi Michigan kwa mashindano ya Robofest, wakatwaa ubingwa wa dunia.