Baridi yabisi na uzee (Kiogoro, Kisii)

Baridi yabisi ni jina la jumla la maradhi ya viungo yanayoleta maumivu, uvimbe na kukakamaa. Kiogoro, wadi ya eneo bunge la Nyaribari Chache katika kaunti ya Kisii, kama kwingineko, maradhi haya mara nyingi huandamana na presha au kisukari kwa wazee.

Aina iliyozoeleka uzeeni ni ya kulika kwa gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Umri, uzito, majeraha ya zamani na kazi za sulubu huiharakisha. Ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo haingoji uzee na huwapata zaidi wanawake; vidole vya mikono yote miwili hukakamaa asubuhi, pengine kwa saa nzima au zaidi. Jongo nalo aghalabu huanzia kidole gumba cha mguu. Baridi ya milimani, inayolaumiwa sana, huweza kuzidisha maumivu ila si chanzo.

Shida kubwa ya hapa ni mteremko. Maboma yako juu, chemchemi na mito bondeni, na goti bovu huuma zaidi likishuka kuliko likipanda. Mchuma chai anayekata majani mawili na chipukizi kutwa nzima huugua vidole pia. Choo cha shimo kinachohitaji kuchuchumaa ni adha ya kila siku ambayo wachache huitaja kwa daktari. Baadhi ya familia hutoboa kiti cha mbao na kukiweka juu ya tundu, nyingine huchimbia nguzo ya kushikilia.

Hatari iliyojificha imo kwenye vidonge. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu, lakini huchubua tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo, hasa zikichanganywa na baadhi ya dawa za presha. Mzee hununua dawa za magoti dukani, presha ikapanda, naye akaongezewa dawa ya presha bila mtu kuuliza habari ya magoti. Prednisoloni hustarehesha upesi, kisha hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Mazoezi ya kuimarisha mapaja na bakora havina sifa kubwa mtaani, ingawa ndivyo vya kuanzia kwa goti lililochakaa.

Hospitali ya Rufaa ya Kisii iko karibu, lakini madaktari bingwa wa baridi yabisi ni wachache nchini na wengi wako Nairobi. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa waliosajiliwa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo nauli na vipimo huzimaliza haraka. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumbani na mashine za presha na sukari. Wakionyeshwa vidonge vyote vilivyomo ndani, vya dukani pia, huweza kugundua mengi. Methotreksati, dawa ya baridi yabisi ya kinga, inataka uangalifu wa pekee: hunywewa mara moja kwa wiki, na kuinywa kila siku kumewahi kuua.